Mtani Alipoitwa Mapema

Nyumba ya Mama Fredrick, pale Same mjini nyuma ya stendi, haijawahi kukosa watu. Ukipita saa nne utakuta wanne wanachambua maharage. Ukirudi saa kumi wameshakuwa saba, na habari za mji mzima zimepepetwa, pumba pembeni. Jina lake hasa ni Dorkas, lakini nani analikumbuka? Tangu mumewe, Zephania, aanguke kitandani kwa ugonjwa wa kifua, watu wamezidi kuongezeka. Tofauti ni kwamba sasa wananong'ona.

Miaka kumi na tisa Zephania alichimba jasi kule Makanya, na vumbi lile likaganda ndani yake. Hospitali walimpiga picha, wakampa dawa za kutuliza, wakamrudisha nyumbani. Mama Fredrick hakuuliza maana ya kurudishwa. Alichoondoka nacho ni neno la nesi mmoja mlangoni: "Mchekesheni, mama. Mtu akicheka kifua kinapanuka, damu inatembea, maumivu yanapungua, hata usingizi unakuja."

Akalishika hilo kama cheti cha dawa. Wiki mbili nzima alihangaika. Alimwekea vichekesho kwenye simu, Zephania akageukia ukutani. Zaituni wa jirani, ambaye akimwigiza mwenyekiti wa mtaa hata mwenyekiti mwenyewe hucheka, aliigiza mpaka jasho likamtoka. Wapi!

"Shoga," Zaituni akasema, akijifuta kwa pindo la kanga, "huyu sisi hatumuwezi. Mwite mtani wake. Mwite Eliamini."

Eliamini Mchaga, fundi cherehani wa sokoni. Wapare na Wachaga ni watani toka enzi za mababu, na Same nzima hakuna anayeijua kazi hiyo kama yeye. Msiba gani hakuchekesha? Kuna kaburi aliwahi kujilaza ndani, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Nguo za marehemu huzivaa, akaiga mwendo wake na sauti yake, na wajane wakacheka na machozi yao. Mama Fredrick mwenyewe aliwahi kucheka hivyo kwenye msiba wa shangazi yake, na siku ile ndiyo aliyolala vizuri. Akapiga simu papo hapo.

Jumamosi mchana makande yakaiva kwenye sufuria kubwa, nyumba ikafurika. Eliamini akaanza kelele toka barabarani.

"Yuko wapi huyo Mpare? Nasikia anajidai mgonjwa ili wageni waone haya kula makande yake!"

Watu wakaangua kicheko.

"Na wala msiogope, hafi huyu! Mpare kwa kupenda kesi, akikata roho mtafuteni mahakamani, bado ana rufaa!"

Akaenda moja kwa moja chumbani, watu nyuma yake, mlango ukajaa vichwa. Koti la Zephania la kanisani lilikuwa limetundikwa msumarini. Mkono wa mtani una mazoea yake. Akalitungua, akalivaa, akakohoa mara mbili kwa namna ileile ya Zephania, akazunguka.

"Mnaonaje? Limenikaa?"

Nyumba ikalipuka. Mama Fredrick naye alicheka, macho yake kitandani, akisubiri.

Zephania hakukasirika. Alilitazama koti, kisha vile vichwa mlangoni, kimoja kimoja, kama anayetaka kujua nani amefika na nani bado. Akamgeukia mkewe.

"Kumbe mlishaambiwa."

"Tumeambiwa nini, baba Fredrick? Si utani tu!"

"Eliamini havai koti la mtu aliye hai." Akavuta pumzi. "Limekukaa, fundi. Mabega tu uyapunguze."

Wa nyuma mlangoni walisikia hilo la mabega peke yake. "Amejibu! Mgonjwa amejibu!" Zaituni akapiga kigelegele. Eliamini alibaki kati ya chumba na koti lile. Akaanza kulivua koti, kifungo kikamshinda.

Jioni wageni waliondoka wakimpongeza Mama Fredrick. Akawasindikiza, akawashukuru wote. Aliporudi, uji wa mgonjwa ulikuwa umeganda utando juu.

"Mpigie Tumainieli," Zephania akasema. Huyo ni kaka yake, aliyebaki Suji mlimani. "Apasafishe kabla ya mvua. Matope yakianza gari halipandi kule."

"Hukucheka hata kidogo?"

"Nilitamani. Vile alivyozunguka... nilitamani kweli." Kikohozi kikamchukua, akaishia hapo.

Mama Fredrick alikaa ukingoni mwa kitanda, akapiga.

"Shemeji!" Tumainieli alipokea kwa furaha. "Habari zimeshatufikia huku juu! Eti leo kwenu watu hawana mbavu kwa kucheka, na mgonjwa anajibu utani! Si anaendelea vizuri sasa?"

"Pale walipolala wazee, shemeji," akasema. "Pasafishe wiki hii."