Chuma cha Tatu

Alipoinama kupita chini ya mnyororo, goti lake la kushoto lilitoa mlio. Kibao kilichoning'inia pale kilisema NJIA IMEFUNGWA, kwa rangi nyekundu. Mwandiko ule aliujua. Ulikuwa wa shemeji yake, mume wa dada yake, fundi wa njia za hifadhi.

"Imefungwa kwa nani?" alijisemea, akaanza kukimbia.

Njia nyingine zote za korongo alikwisha kuzimaliza, hata ile ya juu ambako upepo humjaza mtu mchanga mdomoni. Zamani, alipokuwa askari wa doria, wenzake walimwita Mbuzi kwa jinsi alivyoparamia majabali. Tangu aanguke, mguu ukavunjika, akawekwa getini kukata tiketi, wakamwongezea: Mbuzi wa Kamba. Alicheka nao. Nyumbani alilia kwa hasira mpaka kichwa kikamuuma.

"Ripoti inasema ulikimbia ovyo, ukakanyaga hewa," mkuu wa hifadhi alimwambia, filimbi ya doria aliyomnyang'anya ikiwa kwenye droo. "Siku ukizikimbia njia zote, zote kabisa, njoo uichukue." Alisema kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Shahidi wa ripoti alikuwa shemeji. Shemeji huyo huyo ndiye aliyembeba mgongoni siku ile, kutoka korongoni mpaka kwenye gari, na dada hakuchoka kumkumbusha. "Bila mume wangu, saa hizi tai wangekuwa wamekwisha kukusahau," alisema kila walipokaa kula. Shemeji aliinamia sahani yake. Kisha alikuwa akisema, kwa upole wake ule, "Kaa dirishani, shemeji. Kuna kivuli, kuna feni. Jua la huko la nini?"

Alidhani ni huruma.

Njia ilifika ukingoni, ikaporomoka kwenye ukuta wa korongo. Hapo watu hushuka kwa vyuma vilivyopachikwa kwenye mwamba, kila kimoja katika shimo lililojazwa saruji. Hakuna fundi aliyeipenda kazi ile, maana maji ya kuchanganyia hubebwa mgongoni kutoka mbali, juani. Siku ile ya kuanguka alikanyaga chuma cha tatu, akaona mbingu. Lakini kila mtu alisema alikosea hatua, naye mwishowe alikubali kwamba alikosea.

Chuma cha tatu kilikuwa kipya.

Kiling'aa katikati ya wenzake wenye kutu, saruji yake bado nyeupe. Alining'inia pale, akakitazama. Chuma kisicho na kosa kinabadilishwa cha nini?

Alipofika chini alitafuta kwenye mawe mpaka kucha zikamuuma. Cha zamani kilikuwa kimenasa kwenye ufa wa mwamba. Upande wake uliopaswa kumezwa na mwamba haukuwa na hata chembe ya saruji. Alikigonga kwenye jiwe, mchanga ulioganda kwenye kutu ukamwagika. Mtu alishindilia mchanga shimoni, akapaka saruji mdomoni tu ipendeze macho, akarudi nyumbani mapema.

"Mshenzi," alisema. Alilisema tena, kwa sauti, korongo likamrudishia.

Alimchukia shemeji. Kisha akamfikiria dada yake, na watoto, na nyumba ile waliyopewa na hifadhi kwa sababu ya kazi ya baba yao. Akisema, wote wako nje. Akinyamaza, atabaki kuwa yule aliyekimbia ovyo, hata akirudishiwa filimbi. Alikifunga chuma tumboni kwa kitambaa, chini ya shati, akaendelea kukimbia, na sasa goti lilikuwa limevimba.

Kwenye nguzo ya mwisho wa njia shemeji alikuwa amesimama, dumu la maji mkononi.

"Shemeji! Nani alikuruhusu? Dada yako roho iko juu!"

Alimpita, akaipiga nguzo kwa kiganja. Zote. Hapo ndipo goti lilipokataa, akakaa mchangani kama mzigo.

"Unaona sasa?" Shemeji alimpa dumu. Hakutaka kitu kutoka mkono ule, lakini kiu ilimshinda, akanywa. Shemeji alitazama viatu vyake mwenyewe. "Umepita kwenye vyuma?"

"Nimepita."

"Vizima?"

"Sasa vyote vizima."

Shemeji alihangaika na kifuniko cha dumu, hakikukaa. Mwishowe alichuchumaa na kumpa mgongo, kama siku ile. "Haya, panda. Gari halifiki huku."

Njia nyingine ya kutoka pale hakuwa nayo. Alipanda, akamshika mabega. Shemeji aliinuka, akapiga hatua chache kwenye mchanga, na kwa kila hatua chuma kilisukumwa katikati yao.

"Shemeji, nini hicho kinanichoma mgongoni?"

Alimkaza mabega zaidi.

Shemeji alisimama ghafla, kama aliyekitambua. Jasho lilimtoka kisogoni, likateremka ndani ya kola.

Mbele kabisa, kando ya gari, dada alikuwa ameshuka. Aliwaona wakija vile vile kama mara ya kwanza, akavua kilemba chake, akaanza kumpungia mumewe kwa mikono miwili.

"Tembea," alimnong'oneza shemeji sikioni, kutoka mgongoni.