Soketi ya Kisimani

Sumeiya alikuwa amesema neno lake na halina kurudi: hazalii nyumba yenye soketi ile. Mimba ilikuwa ya miezi minane, na kwa desturi yao binti huja kwa mamake kuzaa na kukaa arubaini yake huko. Lakini yeye alikuwa kwa mumewe kisiwani Pate, boti za bandari yao ya Mtangawanda zikija na kurudi kila siku bila yeye. Bi Umulkheir, mamake, hakupata usingizi. Binti azalie ukweni na mama yake yu hai! Mtaa mzima wa Lamu ungeuliza mama ana kasoro gani.

Kasoro ilikuwa ukutani, kando ya kisima cha ua wa ndani. Ilikuwa soketi ya pampu ya maji, kazi ya marehemu mumewe, Abdulghafur. Alikuwa seremala wa milango, lakini mkono wake haukukataa kazi, na soketi ile aliifunga mwenyewe. Alipokufa ndipo pampu ikaanza kutekenya watu. Ukishika mfereji, yaani bomba la maji, kwa mkono mbichi, unakwenda mtetemo hadi kwenye kiwiko. Bi Umulkheir akaweka sheria: anayeteka maji na avae mitawanda, vile viatu vya mbao vya kuogea. Miaka minne sheria ikatosha. Kisha Ramadhani iliyopita Sumeiya akasahau, akaenda kutia udhu miguu mitupu, umeme ukamtupa chini hata akavilia damu paja zima. Alipoinuka alisema baba alipenda vya rahisi, na vya rahisi ndivyo hivi. Akaendelea kusema hivyo kila alipopiga simu. Mamake hakumjibu. Ukweli ni kwamba moyoni naye alikuwa amekwisha kumlaumu mzee wa watu, tena bila huruma.

Basi akaitwa Fanuel, fundi wa umeme kutoka bara, kijana mpole aliyefika Lamu kwa kazi ya miezi mitatu na huu ulikuwa mwaka wa sita. Mlangoni alivua viatu kwa heshima kama alivyofundishwa na wenyeji. Alipoiona sakafu ya ua ilivyoloa akavirudia, akaomba radhi, akasema kazi hii haifanywi miguu mitupu. Bi Umulkheir alimtazama, akatazama viatu, akaenda kuleta kitambaa akavipangusa nyayo yeye mwenyewe. Fanuel aliona haya mpaka masikio.

Akazima umeme wa nyumba nzima, akafungua soketi. Chumvi ilikuwa imekula skrubu zote. Alieleza taratibu, bila kujigamba: soketi ya nje yataka kifuniko kisichopitisha maji, ikae juu mbali na mrusho wa kisima, na nyuma yake kuwe na swichi inayokata umeme yenyewe mara tu unapovuja. Pampu nayo ilikuwa imechakaa ndani, ikivuja umeme. Yote hayo angeyafanya, na vifaa alikuwa navyo. Lakini kulikuwa na jambo moja hakulielewa. Akachukua patasi, akakwangua chokaa chini ya soketi, polepole, mpaka ikajitokeza ncha ya waya wa kijani na manjano. Akakwangua tena karibu na sakafu, akapata ncha ya pili, na chini yake fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini kwa ustadi.

"Bi Umulkheir," alisema, "aliyefunga hii alijua kazi. Huu waya ndio unaoupeleka chini umeme unaovuja, usimpate mtu. Ulikuwa sawa kabisa. Kuna mtu aliukata."

Bi Umulkheir alikaa juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi kilichokuwa pale. Alimjua mtu huyo. Eda ilipokwisha, miezi minne na siku kumi, alitaka kuta zing'ae, nyumba itoke msibani. Fundi wa kupaka chokaa akamwuliza ule uzi wa rangi unaoning'inia afanye nao nini. Yeye akasema, kata, unaniharibia ukuta. Hata hakusimama kuangalia.

Akamwomba Fanuel jambo hilo lisitoke nje. Fanuel akasema yeye ameitwa kufunga soketi, hakuitwa kusema.

Kufikia alasiri ilikuwa imekwisha. Fanuel alibonyeza kitufe cha kujaribia, swichi ikakata, akairudisha, akampa Bi Umulkheir abonyeze. Akabonyeza mara tatu. Kisha akawasha pampu, akaushika mfereji kwa mkono ulioroa, na hakuna kilichomgusa ila baridi ya maji. Akalia hapo hapo mbele ya fundi, na wala hakujali.

Fanuel alipoondoka, Bi Umulkheir akachukua simu. Ingetosha kusema soketi ni mpya, mwanangu njoo. Sumeiya angekuja. Na akimwambia la pili, huenda akauliza: mama anayekata nyaya asizozijua, nimwachieje mtoto? Mficha uchi hazai, akajiambia, akapiga.

Akasema soketi imetengenezwa. Akavuta pumzi. "Na lile la baba yako, Sumeiya. Babako hakukosea. Waya wa usalama aliutia, na mimi ndimi niliyeukatisha, nikipakisha chokaa."

"Mama, mimi nimemsema baba kila siku."

"Na mimi nilikuwacha umseme."

Alimsikia bintiye akilia, akamwacha alie, naye mwenyewe machozi yalikuwa yamefika kidevuni. Baadaye Sumeiya akapenga kamasi, akauliza kama kitanda cha chumba cha ndani bado kina chandarua.

Bi Umulkheir akasema kipo. Hakikuwapo, lakini Sumeiya angekuja kwa boti ya Alhamisi, na leo ni Jumatatu.