Barua Kumi na Tisa Zilizokwama

Bi Mihuri, katibu muhtasi wetu, aliniita "fundi" kwa heshima zote mpaka Ijumaa saa nne na robo asubuhi. Hapo akageuka kuniita "mwanangu", nikajua kuna jambo limeharibika.

Kisa kilianza siku tisa nyuma. Mashine iliyokuwa ikitoa barua pepe za ofisi nzima ilikufa, makao makuu wakaifuta kwenye orodha yao ya mashine zinazoruhusiwa. Mimi nikachukua kompyuta kuukuu ya masjala, nikaiwekea mfumo wa Linux, nikaipa kazi hiyo. Kisha nikamtumia meneja barua ya majaribio. Meneja anakaa chumba cha pili, tumetenganishwa na ukuta mmoja.

"Imefika!" alipiga kelele.

Nikatembea na kifua mbele siku nzima. Kujaribu kutuma nje ya jengo? Ya nini, na bosi keshasifu!

Siku ileile Bi Mihuri alituma maombi ya uhamisho kwenda tawi la mji wa kwao. Mama yake amepooza upande mmoja, na anayemlisha ni jirani. Nafasi hutoka moja kwa mwaka. Mwisho wa maombi ulikuwa Ijumaa hiyo saa sita mchana, nayo hupokelewa yakitoka kwenye barua pepe ya ofisi tu.

"Mbona hawa watu kimya?" alikuwa akiniuliza kila asubuhi.

"Wanagombania nani akujibu kwanza, bibie."

Alicheka. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Ijumaa akapiga simu tawini. Hawajaona kitu. Akaja mezani kwangu, miwani mkononi.

"Mwanangu, barua yangu iko wapi?"

Nikaandika amri ya kuonyesha foleni ya barua zinazosubiri kutoka. Barua kumi na tisa zilikuwa zimejipanga, ya kwake mbele kabisa. Za humu ndani mashine ilizifikisha yenyewe. Za nje zilipaswa kupitia seva ya makao makuu, na seva ile haipitishi barua za mashine isiyoijua. Yangu ilikuwa ngeni kwake. Sikuwa nimebisha hodi.

Nikampigia mhandisi wa makao makuu, safari ya siku nzima kutoka kwetu.

"Jaza fomu, meneja asaini, nitumie kwa barua pepe ya ofisi."

"Kaka, barua pepe ya ofisi ndiyo haitoki!"

"Basi ikitoka, nitumie."

Meneja akanipokonya simu, akabembeleza mpaka jasho likamtoka. Mhandisi akalegea: atatuandikisha akitoka kikaoni. Kikao kinaanza saa tano. Kinakwisha lini? Kikiisha.

Bi Mihuri akavuta kiti, akakaa ubavuni kwangu. Nikazima mashine, nikawasha. Nikabadilisha mstari huu, nikarudisha ule. Kila nilipoisukuma barua yake, ilikwenda hadi mlangoni na kurudi kwenye foleni.

"Bonyeza hicho tena."

"Nimebonyeza, mama."

"Kwa nguvu kidogo."

Nikabonyeza kwa nguvu. Siku nyingine ningemtania wiki nzima kwa hilo.

Saa sita kasorobo nikapiga simu ya mhandisi. Ikaita mpaka ikakatika. Kasoro kumi, vivyo hivyo. Saa sita kamili hatukuangaliana. Yeye aliangalia skrini, mimi niliangalia vidole vyangu, kumi vizima, visivyo na kazi.

Saa sita na dakika thelathini na saba, foleni ikatoweka mbele ya macho yetu. Barua zote kumi na tisa, kufumba na kufumbua. Dakika moja baadaye jibu likaingia, maana kupokea hatukuwahi kuwa na shida: *Muda wa maombi umekwisha. Karibu tena mwakani.*

Alisoma mara mbili. Akafuta miwani kwa ncha ya mtandio, akampigia mama yake.

"Mama, ni mwakani... Hapana, hawajanikataa. Barua imechelewa njiani tu... Kwani kijiko unaweza kushika sasa?... Haya. Mwambie jirani nitampigia."

Hakunitazama. Hakunitaja. Angenitukana ningeshukuru.

Akarudisha kiti mahali pake.

"Fundi," alisema, "sasa zinatoka?"

"Zinatoka, mama."

"Haya. Meneja ana ya haraka, naileta uitume."

Nikaituma. Ikafika papo hapo.