Mzunguko Mmoja Tu

Nilikwenda msalani mara nne kabla ya saa nne asubuhi, na wala sikuwa na haja. Nilikuwa natafuta tu pa kuipeleka miguu. Binti yangu alikuwa amenitegeshea kiti cha kukunja chini ya turubai, akaniwekea chupa ya chai pembeni, na kila nilipoinuka alinikata jicho.

"Mama, kaa basi. Unanizungusha kichwa."

"Kiti kinaniuma."

"Kiti hakina kosa."

Kweli hakikuwa na kosa. Mbele yetu ndege ndogo zilikuwa zinateremka moja baada ya nyingine tangu jua lilipochomoza. Zinadunda kidogo kwenye majani, zinajivuta pembeni, zinapangwa mstari kama viatu mlangoni. Wenyewe wanashuka, wananyoosha viuno, wanapeana mikono na kuanza kutia chumvi habari za upepo wa njiani. Huyu kanunua ndege yake, yule kaiunda mwenyewe uani kwake, na mara moja kwa mwaka wote hukutana uwanja huu kuonyeshana na kutuonyesha sisi tunaolipa kiingilio. Watoto walikuwa wanakimbia na aiskrimu, kipaza sauti kinabwata. Kila mtu na raha zake. Mimi nilikuwa nahesabu dakika.

Saa sita kasoro robo mume wangu alikuwa aruke na mjukuu wetu, na mume wangu haoni.

Sisemi ni kipofu. Anaona mlango, anaona sahani, ananiona mimi nikivaa kitambaa cha rangi kali. Lakini tangu mwaka jana chai anaimimina mezani, gazeti analishika kwa heshima tu, na wiki iliyopita aliisalimia ovaroli ya fundi iliyotundikwa kwenye banda la ndege, akaiuliza habari za nyumbani. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kapteni bwana, ana vituko. Kapteni ni jina walilompa pale uwanjani, ingawa maisha yake yote alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na ndege yake aliiunda kwa mikono yake, miaka kumi na moja, kwenye chumba ambacho kingekuwa sebule yangu.

Sasa niseme na la kwangu, maana sitaki kujikosha. Rubani haruki bila cheti cha daktari, na daktari hupima macho kwa ule ubao wa herufi. Mimi nilikuwa mpiga chapa ofisini miaka thelathini na miwili. Nikiutazama ukurasa mara moja, vidole vinauchukua. Nilipomsindikiza kwenda kuomba siku ya kupimwa, mlango wa daktari ulikuwa wazi na ubao uko ukutani. Nikatazama. Jioni nikaupiga wote juu ya meza kwa vidole vitupu, mstari kwa mstari, nikauandika, nikamkaririsha wiki mbili. Alikuwa anataja herufi akivaa soksi, anataja herufi akinyoa ndevu. Tulicheka sana, siwezi kukataa. Ndege yenyewe ilikuwa mbovu wakati ule, injini iko chini vipande vipande, na fundi wa injini wa pale uwanjani alikuwa ameniapia kwamba haitapona mwaka huu. Nikasema acha mzee apate cheti chake, akiweke mfukoni, moyo wake utulie.

Injini ikapona. Na cheti kilipotoka, kitu cha kwanza alichofanya ni kumwahidi mjukuu kwamba siku ya maonyesho watapita pamoja juu ya vichwa vya watu.

Nikainuka tena. Binti yangu akaguna.

Nilimkuta mume wangu anaizunguka ndege yake, anaipapasa. Bawa, mkia, gurudumu, kila msumari. Wenzake hukagua kwa macho. Yeye alikuwa anakagua kwa viganja, na waliopita walikuwa wanamsifu kwa umakini.

"Nani huyo?" akauliza, nami niko hatua mbili tu.

"Mimi. Nani mwingine wa kukufuata na jua lote hili?"

"Ah, Bimkubwa. Umekuja kunitakia heri."

"Nimekuja kukwambia mtoto haruki."

Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. "Uwanja huu nimeruka miaka tisa. Naujua hata nikifumba macho."

"Hilo ndilo ninaloliogopa."

"Mzunguko mmoja tu. Napanda, nakata kushoto mara nne, natua. Dakika sita. Ungekuwa umebandika uji, haujachemka."

"Sema injini imekorofisha. Mwambie mtoto uongo wowote."

"Injini haina neno, na fundi yule pale anasikia." Akashusha sauti. "Halafu cheti ninacho. Wewe ndiye uliyenipatia."

Hasira zilinipanda, kwanza kwake, kisha kwangu mwenyewe, zikarudi kwake. Nikamwambia ana kichwa kigumu kuliko hayo machuma yake. Akatabasamu, akautazama upande niliokuwa nimesimama mwanzo, nami nilikuwa nimeshasogea.

Nikaamua liwalo na liwe, nitakwenda kusema. Msimamizi wa uwanja alikuwa amesimama mwanzo wa njia ya kurukia, kijana mrefu mwenye fulana ya njano na bendera mbili kwapani. Ndege nyingi za kuundwa nyumbani hazina redio, kwa hiyo siku ya maonyesho huongozwa kwa bendera: nyekundu usubiri, kijani uruke. Njia nzima nilikuwa naipanga sentensi yangu. Mume wangu haoni, mzuie. Maneno manne tu, na mimi nimepiga chapa barua za kufukuza watu kazi bila mkono kutetemeka.

"Mama, karibu," akanichangamkia. "Leo tunamfungulia njia mzee wetu. Unajua sisi sote hapa ametufundisha yeye kushona kitambaa cha bawa?"

"Najua."

"Mtu kama yule siku akiacha kuruka, mimi hata sijui atakwenda kukaa wapi."

Mimi nilikuwa najua. Atakaa kwenye kiti cha dirishani, mikono magotini, kesho na keshokutwa na mwakani, na aliyemkalisha pale nitakuwa mimi. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Nikamwuliza msala uko wapi. Akanielekeza vizuri sana, kwa adabu, nami nikaenda, nikasimama mle ndani nimeegemea mlango, nikajitukana.

Nilipotoka kipaza sauti kilikuwa kinamwita Kapteni.

Nilikimbia. Kwa umri wangu, mbele za watu, kanga inanivuka, nilikimbia. Kasuku, mjukuu wetu, umri miaka tisa na mdomo wa watu wanne, alikuwa ameshafungwa mkanda kwenye kiti cha abiria na anampungia kila anayepita.

"Shuka," nikamwambia.

"Bibi, ni zamu yangu."

"Leo ni zamu ya Bibi. Shuka kabla sijakushusha."

Akalia, tena kilio cha kweli, si cha kutaka kubembelezwa. Binti yangu akaja mbio. "Mama, wewe? Wewe unaogopa hata ngazi."

"Ngazi haina mkanda," nikasema, nikapanda.

Sikuwa na mpango wowote, nisiwadanganye. Nilijua tu kwamba mtoto hayumo, na hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa imekaa kushoto kwangu, imevaa kofia ya ngozi na inanuka sabuni ya kunyolea.

"Miaka tisa nakubembeleza," mume wangu akasema. "Miaka tisa. Leo umekubali." Machozi yalikuwa yanamlengalenga kwenye yale macho yake. Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumkumbatia, vyote pamoja, nikaishia kushika mkanda.

Fundi akazungusha pangaboi, injini ikashika, kila kitu kikaanza kutetemeka mpaka meno yangu. Tukasogea. Mume wangu alikuwa anaendesha kwa matako na nyayo: gurudumu la kushoto likigusa majani marefu, anarudi kulia, la kulia likigusa, anarudi kushoto. Magurudumu yaliposikika yanakwaruza changarawe za mwanzo wa njia ya kurukia, akakanyaga breki. Tulikuwa kwenye mstari barabara kabisa. Niliona fahari, Mungu anisamehe, katikati ya hofu yote ile.

Kisha akaniinamia sikioni.

"Bimkubwa. Bendera gani?"

Mwaka mzima hakuwahi kuniuliza hivyo. Chai ikimwagika alisema meza imeinama. Gazeti alisema halina habari. Sasa ameuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba maji ya kunywa kwenye nyumba ya wenyewe.

Nilitazama. Hatua arobaini mbele yetu msimamizi alikuwa ameinyanyua ya kijani juu kabisa.

"Nyekundu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Tukasubiri. Msimamizi akaipunga bendera, akasita, akaipunga tena kwa mikono miwili kama mtu anayefukuza kuku. Nyuma yetu ndege nyingine ilikuwa imeshafika, rubani wake amechomoza kichwa.

"Bado nyekundu?"

"Bado."

Nikamwona anasikiliza. Si mimi, si injini. Alikuwa anasikiliza kitu ndani yake mwenyewe, kidevu amekiinua, na mkono wake juu ya usukani ukaanza kulegea kidole kimoja kimoja. Anajua maonyesho haya. Anajua hakuna anayewekwa mstarini muda mrefu namna ile.

"Bimkubwa," akasema. "Bado nyekundu?"

"Kwako wewe, mume wangu, bado."

Halafu akanyoosha mkono, hakuhitaji kuona, akaizima injini.

Pangaboi likasita, likasimama, na kimya kilipoingia kipaza sauti kikatufikia wazi: bendera ni ya kijani, Kapteni, njia ni yako, watu wanakungoja. Watu wakapiga makofi kumtia moyo. Msimamizi akaja anakimbia, akafungua mlango upande wa mume wangu, anahema.

"Mzee, kuna nini? Hukuiona bendera?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, mzuri, wa mafuta na joto la injini, ungemtosha mtu yeyote. Mume wangu akaniwekea kiganja juu ya mkono, ninyamaze. Akaigeuzia uso ile sauti.

"Sikuiona," akasema. "Siioni, kijana wangu. Hata wewe sikuoni. Mwite fundi aje tuisukume ndege bandani."