Tone Moja kwa Namba Saba

Namba saba ilianza kugoma wiki ya tatu baada ya Mzee Haroun Fadlalla kuzikwa, na Seline akaona kama bunduki nayo imeamua kuomboleza.

Ilikuwa bunduki ndogo ya zamani, ya risasi nyembamba za kulengea karatasi, yenye bolti ya kuvuta na kusukuma kwa mkono kila unapotaka kufyatua. Klabu ya shabaha ilikuwa na bunduki nane za namna hiyo. Mzee Haroun ndiye aliyekuwa fundi wa stoo ya silaha kwa miaka thelathini na mmoja, na Seline alikuwa msaidizi wake. Aliajiriwa kufagia maganda ya risasi uwanjani. Siku moja Mzee alimkuta ameyapanga maganda mafungu mafungu kwenye saruji, kila fungu na alama yake ya pini inayogonga risasi, akijaribu kujua lipi limetoka bunduki ipi. Mzee aliinama, akatazama, akahamisha ganda moja tu kutoka fungu hili hadi lile. Kesho yake akamwambia aache fagio mlangoni aingie stoo.

Sasa namba saba iligoma hivi: unasukuma bolti, unalenga, unafinya, na badala ya mlio unasikia *tik*, kama mtu amefunga kikopo. Haikuwa kila mara. Siku nyingine risasi moja katika kumi, siku nyingine hakuna kabisa, na hilo ndilo lililomsumbua Seline. Kitu kilichoharibika kabisa unakijua. Hiki kilikuwa kinaharibika na kupona chenyewe.

Kila ilipogoma alifanya kama alivyofundishwa. Mtutu ubaki umeelekea shabaha, na usiguse bolti mpaka uhesabu sitini, maana risasi inaweza kuwa imechelewa tu. Mzee Haroun alikuwa akihesabu kwa Kinubi, lugha ya kwao, polepole kama anayepanda ngazi. Seline, Mjaluo wa Alego aliyezaliwa Kawangware, hakujua neno lingine la Kinubi ila hizo namba sitini.

Akaanza kuchunguza. Risasi iliyokataa akaitia kwenye namba tatu. Ikalia mara moja. Basi risasi ni nzima. Akalitazama ganda la nyingine iliyogoma: alama ya pini ukingoni ilikuwa hafifu, kama ukucha umepita juu ya sabuni. La namba tatu lilikuwa na shimo la kueleweka. Basi pini inapiga kwa uvivu. Na kinachoisukuma pini ni springi iliyo ndani ya bolti, na springi hiyo ilikuwa na umri kumzidi mama yake.

"Springi imechoka," alimwambia Okeyo, katibu wa klabu.

Okeyo alivua miwani. Alikuwa mtu mzuri, lakini habari mbaya alizitoa kama anasoma mita ya stima. "Nyar Alego, binti wa Alego, sikiza. Kamati imekaa. Bunduki ambayo haiaminiki inarudishwa serikalini ikaharibiwe. Ijumaa ijayo saa mbili asubuhi, namba saba inapewa risasi ishirini. Ikigoma hata moja, inaenda."

"Ijumaa ijayo ni siku tisa!"

"Nimehesabu."

"Bwana Okeyo, hiyo ni bunduki ya Mzee."

"Ni ya klabu," Okeyo alisema, kisha sauti ikashuka. "Najua ni ya Mzee. Nani hajui? Ndiyo maana nimekupatia siku tisa. Wengine walitaka kesho."

Namba saba ndiyo bunduki Mzee aliyoikuta siku yake ya kwanza, imevunjika kitako, akaiunga. Ndiyo aliyomfundishia Seline. Babu yake Mzee alifika Kibera akiwa askari wa Mwingereza, na Mzee alipenda kusema kwamba Mwingereza alimnyang'anya babu bunduki akamwachia kibanda, kwa hiyo yeye anazitunza za watu ili asisahau zinavyonuka. Seline hakufika makaburini siku ya maziko. Wanaume ndio waliokwenda. Yeye alikaa uani kwa Mzee, Makina huko Kibera, na akina mama, akamenya vitunguu mpaka macho yakapata sababu. Kama kulikuwa na kitu cha Mzee alichoweza bado kukishika kila siku, ilikuwa namba saba.

Alimpigia muuzaji wa silaha mwenye leseni mjini. Springi ya aina hiyo haipo, akaambiwa. Iagizwe ng'ambo, kibali kitoke, miezi mitatu kama mambo yataenda vizuri. Seline akaagiza hivyo hivyo, kwa barua iliyosainiwa na Okeyo. Kisha akabaki na siku saba na hakuna springi.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo Mzee asingelipenda. Mzee alikuwa na sheria mbili: kipande cha bunduki hakivuki geti, na kitu usichojua kilikotoka hakiingii ndani ya bunduki. Seline hakuvusha kipande. Alichora springi kwenye karatasi, akaandika urefu, unene na idadi ya mizunguko, na Jumamosi akaenda nayo kwa Kagiri, fundi wa springi pale Kawangware, karibu na soko.

Kagiri alikuwa amekaa katikati ya makochi yaliyopasuliwa matumbo. "Sasa, siste. Ni ya nini? Mlango? Kinanda cha mtoto?"

Seline angeweza kudanganya. "Ni ya bunduki," akasema.

Kagiri akaachia karatasi kama imeshika moto. "Wee! Siste! Toka na hiyo maneno hapa! Mimi natengeneza kochi. Kochi! Hata hiyo karatasi sijaiona."

"Ni ya klabu, iko na leseni, mimi nafanya kazi huko..."

"Hata kama ni ya kanisa! Unataka nilale kituo cha polisi na mgongo huu?" Mama wa mboga wa jirani alianza kucheka. Kagiri akamgeukia: "Cheka tu. Wakija nitawaambia ni yako, unafichia chini ya sukuma wiki."

Seline akakunja karatasi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na ilikuwa aibu ya kweli, kwa sababu alijua Mzee angesimama upande wa Kagiri. "Nisamehe, fundi. Sitakuletea tena. Ni vile tu asubuhi inakataa, mchana inakubali, na mimi sijui nifanye nini tena."

Kagiri, aliyekuwa tayari amerudi kwenye kochi lake, akainua kichwa. "Umesema nini?"

"Asubuhi inakataa. Nimeandika siku zote. Baada ya saa nne haigomi."

"Basi ata si springi." Alivuta waya kutoka kwenye kochi, ukarudi kwa mlio. "Springi ikichoka imechoka. Haiwezi kulala ikaamka mgonjwa, halafu ikunywe chai ipone. Mwaka ni thelathini nafanya hizi. Tafuta kitu ingine. Na utafutie mbali, tafadhali."

Seline alivuka Ngong Road kwa miguu akiwaza. Ni nini kinachojua asubuhi na mchana? Baridi. Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi uwanjani pumzi inaonekana. Baridi inakausha, akawaza. Inakausha midomo, inakausha ngozi. Pini inasugua chuma kikavu. Basi namba saba inataka mafuta zaidi. Na mafuta yalikuwa yamemwishia.

Chupa ile ya mafuta alipewa na mjane wa Mzee, Fatna, siku ya tatu ya matanga: kichupa cha kioo, kizibo cha mti kilichochongwa kwa kisu, na kipande cha plasta kilichoandikwa kwa mkono wa Mzee, *Machi 2022*. "Hiki alikuwa akienda nacho kazini," Fatna alisema. "Chukua wewe." Tangu hapo, kila jioni kabla ya kufunga stoo, Seline aliitoa bolti ya namba saba na kuimiminia mafuta mpaka ikang'aa na kudondosha. Ile ilikuwa nafasi yake ya kukaa na Mzee. Namba nyingine alizipangusa tu.

Aliingia Kibera kwa upande wa Olympic akashuka hadi Makina. Fatna alikuwa eda, hatoki nje kabla ya miezi minne na siku kumi, kwa hiyo kumkuta hakukuwa kazi. Alikuwa amekaa kitandani, amevaa nyeupe. Kwenye kona cherehani yake ilikuwa imefunikwa leso.

"Seline mwanangu. Umekonda. Ruweida, mletee mwenzako chai!" Binti akaitikia kutoka jikoni. "Haya, kazini wanakuonaje?"

"Salama, Mama Ruweida. Nimekuja kuomba kitu. Kama kuna mafuta mengine ya Mzee, kama yale." Akatoa kichupa kitupu mkobani.

Fatna akakipokea, akakiinua dirishani. Akakigeuza juu chini. "Kimemwagika?"

"Hapana. Nimetumia."

"Umetumia." Fatna akasoma plasta kwa kidole. "Mwanangu, hii tarehe ni siku Haroun alipokijaza. Ni mafuta ya cherehani yangu. Tulikuwa tunagawana, nusu yangu, nusu yake. Nilipokupa hakikuwa kimepungua hata nusu. Miaka mitatu! Bunduki zote nane! Wewe umekunywa?"

Seline hakucheka. "Nilikuwa naitunza," akasema. "Kila siku. Namba saba."

Fatna akacheka kwa sauti ya chini, huku machozi yakimtoka, akayafuta kwa upindo wa nguo. "Unajua nilianza kushona nikiwa mwari. Mwezi wa kwanza niliijaza cherehani mafuta mpaka ikakataa kuzunguka asubuhi. Mafuta yakikutana na baridi yanakuwa kama uji, yanashika vumbi, yanakaza kila kitu. Haroun ndiye aliyenifungulia, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaikausha kabisa. Kisha akachukua kijiti cha kiberiti, akachovya ncha, akagusa. Tone moja. Mimi nikasema, 'Hivyo tu?' Akasema, 'Hivyo tu.' Hujawahi kuona mikono yake akitoka kazini? Mikavu kama ya mwalimu."

Seline alikuwa ameiona mikono hiyo miaka sita. Alikuwa ameona na kijiti cha kiberiti nyuma ya sikio lake, akadhani ni cha meno.

"Nimeiua mwenyewe," akasema.

"Umeinywesha uji," Fatna alisema. "Nenda ukaioshe. Na unywe chai kwanza, imeshamiminwa."

Jumatatu Seline alifungua bolti juu ya gazeti. Ndani, pale pini inapopita, mafuta yalikuwa yamegeuka utelezi mweusi mzito, na masizi ya baruti yamekwama humo kama nzi kwenye asali. Springi aliipima na kuilinganisha na ya namba tatu. Zililingana. Aliiosha kila kipande kwa mafuta ya taa, akakausha, akaosha tena. Alipangusa mpaka kitambaa kikatoka kilivyoingia. Kisha akachomoa kijiti cha kiberiti, akachovya ncha tu kwenye mafuta mapya aliyonunua, akagusa mahali pawili. Mkono ulitaka kuongeza, akauweka chini ya meza.

Ijumaa aliombea baridi, nayo ikaja. Nyasi za uwanja zilikuwa nyeupe kwa umande. Okeyo alisimama na daftari, na pembeni yake Maggie, mwenyekiti wa kamati, amejifunika shuka la Kimasai juu ya koti. Seline akalala kifudifudi, akasukuma bolti. Ilikwenda nyepesi, bila kunata.

Ya kwanza ililia. Ya pili. Alipofika ya kumi aliacha kuhesabu kwa Kiswahili akagundua anahesabu kwa Kinubi. Ishirini zikaisha, na karatasi ya shabaha ikawa na shimo moja kubwa lisilo na adabu katikati.

"Ongeza kumi," Maggie akasema. "Mimi si mtu wa kushawishiwa kwa ishirini."

Kumi zikalia zote. Maggie akatazama ganda la mwisho, akalirusha kiganjani, akampa Seline. "Springi mmeipata wapi?"

"Ni ile ile," Seline akasema. "Ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa langu, nilizidisha mafuta."

Okeyo akafunga daftari. Hakusoma mita. "Mzee angekuambia nini?"

"Angehamisha ganda moja," Seline alisema, na Okeyo hakuelewa, lakini akatabasamu.

Jioni hiyo alirudi Makina. Alikuwa amekiosha kile kichupa kwa maji ya moto na kukijaza, akakiweka mbele ya Fatna pamoja na ganda la risasi ya thelathini.

"Nusu yako, Mama Ruweida. Nusu yangu. Na uniachie nikuanzie."

Akaondoa leso kwenye cherehani. Vumbi la wiki saba lilikuwa limetulia juu ya gurudumu. Akalifuta, akachomoa kijiti nyuma ya sikio lake, akachovya, akagusa. Fatna alinyoosha shingo kumsimamia.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Fatna akashuka kitandani, akakaa kwenye kiti chake, akazungusha gurudumu kwa kiganja. Lilikwenda. Akamwita Ruweida amletee lile gauni lililokuwa limebaki bila upindo tangu mwezi wa sita.

Seline akakichukua kichupa. Chini ya mwandiko wa Mzee palikuwa na nafasi kidogo kwenye plasta. Akaomba kalamu, akaandika: *Julai 2025*.