Zamu ya Mama Elikia

Mwezi wa Oktoba, sanamu ya Bikira Maria hailali nyumba moja mara mbili. Katika jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa wa Shituru, kila jioni wanawake huibeba kwa nyimbo na makofi kutoka nyumba hii hadi ile, husali rozari, kisha huiacha hapo mpaka kesho. Mwaka jana iliruka mlango wa Marceline. Mwaka juzi pia. Wanawake walipita tu, macho mbele, na wimbo wakaukaza kidogo.

Sababu ilikuwa Elikia, binti yake wa miaka tisa. Elikia huuma. Mchuzi ukigusa bukari yake, yaani ugali, hutupa sahani, na makofi yakipigwa karibu naye hupiga kelele mpaka sauti imkauke. Nyumba za mtaa, za kampuni ya madini, zimegawana kuta, kwa hiyo mtaa mzima unajua amevunja nini na saa ngapi. Siku moja alimuuma mtoto wa jirani shavuni, na tangu hapo hakuna mtoto aliyekanyaga uani kwao. Ushauri ndio haukukosekana: mpige, mfungie, mpeleke kwa mchungaji amtoe pepo. Wa kuja kukaa naye nusu saa tu, ili mama mtu aende sokoni, huyo hakupatikana. Gauthier, mumewe, alifanya kazi kwenye bwawa la umeme la Koni. Alirudi kila baada ya wiki mbili, na hata akiwa nyumbani alikuwa na simu yake.

Marceline alikuwa mpweke, tuseme wazi. Kuna siku maneno pekee aliyoambiwa na mtu mzima yalikuwa bei ya nyanya. Ndiyo maana mwaka huu alijipa moyo, akaenda kwa Mama Fidélie, kiongozi wa jumuiya, akaomba zamu. Mama Fidélie alikubali kwa shingo upande, ila mtoto asionekane.

Siku ilipofika Marceline alipiga deki, akakaanga mandazi, akaazima viti. Wageni walipokaribia alimwingiza Elikia chumbani, akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwamba akinyamaza, watu watapenda kuja tena, na mama atafurahi sana. Kisha akafunga kwa ufunguo. Alikuwa hajawahi kumfungia hivyo.

Waliingia wanawake kumi na wawili. Waliimba, wakapiga makofi, wakasali. Marceline hakuisikia rozari hata kidogo, maana masikio yake yote yalikuwa kule chumbani, yakingoja kelele. Kelele haikuja. Watu wakala mandazi, wakacheka, wakasifu usafi wa nyumba. Hata Mwadi, ambaye mwanawe ndiye aliyeumwa, alimshika mkono na kuushikilia. Marceline alijisikia vizuri, vizuri mno, wala hakuona haya.

Mlangoni Mama Fidélie alimwinamia sikioni. "Unaona, Mama Elikia? Inawezekana. Ukifunga mulango vile, tutakuwa tunakuya kila mara."

Walipoondoka, alifungua. Elikia alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya kitanda, mkono mdomoni. Alikuwa amejiuma kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko, alama juu ya alama, nyingine zikitoka damu. Aliutoa mkono, uso wake umejaa furaha.

"Mama, minye nilinyamaza muzuri? Habakunisikia?"

"Hapana, mutoto yangu. Habakukusikia."

Alimwosha mkono kwa maji ya chumvi, huku machozi yakimtoka bila sauti.

Kesho yake ndiyo siku ya heshima. Kwa desturi, mama aliyelaza sanamu ndiye anayeibeba mbele ya wote hadi nyumba inayofuata. Marceline alikuwa ameisubiri heshima hiyo miaka miwili, na kitenge chake alikipiga pasi tangu asubuhi. Wimbo ulipoanza kusikika barabarani, Elikia aliacha mchezo wake, akasimama. Bila kuambiwa na mtu, aliingia chumbani, akaufunga mlango mwenyewe, polepole.

Kwanza Marceline alipata nafuu. Leo ingekuwa rahisi zaidi. Kisha nafuu ile ikamtisha kuliko kelele zote alizowahi kuzisikia katika nyumba ile. Akaingia chumbani, akaketi sakafuni nyuma ya kitanda na kitenge chake kizuri, akautoa mkono mdomoni mwa mtoto na kuushika.

Wakabisha hodi. Mama Fidélie akaita mara mbili.

"Bikira iko ku meza," Marceline akajibu kutoka kule kule chumbani. "Ingieni, mumukamate."

"Na weye? Ni weye unapashwa kumubeba."

"Minye niko na mutoto."

Viatu vikaburuzwa sebuleni. Mwadi aliuliza kwa sauti ya chini kama Mama Elikia anaumwa. Wakaibeba sanamu, wakatoka. Makofi yakaanza tena mlangoni, na Elikia akamtazama mama yake usoni, akijizuia asipige kelele.

"Lia," Marceline akamwambia. "Lia tu."

Mtoto akapiga kelele, za jana na za leo pamoja. Barabarani wimbo ulisita kidogo, halafu ukaendelea mbele.