Pancha za Jeremia

Tangu Jeremia Bundala arudi kutoka Mwanza na baiskeli ya gia, kijiji chake kule upande wa Sapiwi kilikosa raha. Baiskeli zilikuwapo siku zote, zile nyeusi za kubebea pamba, ambazo mtu huziegemeza popote na mbuzi wakajikuna nazo. Hii ilikuwa nyingine. Nyekundu, matairi mapana yenye meno, springi mbele, kengele inayong'aa, na nailoni ya dukani ambayo Jeremia alikataa kuibandua kwenye fremu. Mlima wa kupanda nayo haukuwapo hapo kijijini, lakini alibadilisha gia hata akienda chooni.

Hazikupita siku nyingi, tairi la nyuma likapata pancha. Ikazibwa. Likapata tena. Ikazibwa, likapata tena, mpaka Thomasi, fundi baiskeli wa pale senta, akawa anamwona Jeremia kuliko anavyomwona mkewe.

Baiskeli yenyewe Thomasi hakupelekewa. Thubutu! Mafundi, alisema Jeremia, ni watu wa kukubadilishia vyuma ukigeuka kutema mate. Alilifungua tairi mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa mipini ya vijiko alivyovichomoa jikoni bila kumwambia mkewe Mariana, akatoa tyubu, akaifunga kwenye kanga na kuibeba kama mtoto mchanga. Thomasi aliitumbukiza kwenye beseni la maji, akaona vipovu, akabandika kiraka. Kuhusu tairi hakuuliza. Watoto wake walikuwa wanakula kwa viraka vile, na mteja wa namna hii hapatikani kila mwaka.

Kilichomtia Jeremia wazimu zaidi ni mahali. Akitoka nyumbani, tairi limejaa ndi. Akifika kwa Milembe, mjane mzee ambaye nyumba yake iko katikati ya njia ya kwenda senta, tairi limelala. Kila mara ni hapo. Na kila mara Milembe yuko nje, anasalimia.

Milembe alikuwa na ugonjwa huo mmoja, kusalimia. Hakuna aliyepita pale akaachwa.

"Mwangaluka, baba! Mmelala? Ng'ombe nao wamelala?"

Mtu mwingine angefikiria mwiba. Nchi nzima ile imejaa migunga. Tena Jeremia mwenyewe, baiskeli ikiwa bado inanuka duka, alikata matawi ya migunga ya kujengea zizi jipya, akayafunga kamba nyuma ya baiskeli na kuyaburuta kijiji kizima ili watu waone nguvu za gia. Kisha akarudi kwa njia ileile kufuata mzigo mwingine, akipita juu ya yaliyodondoka. Lakini mwiba ni kitu cha bure, kila maskini anao. Baiskeli ya Mwanza ilistahili adui wa maana. Akaamua kwamba adui huyo ni Milembe, na kwamba dawa imo ndani ya zile salamu.

Mariana alipoambiwa alicheka, halafu akaona mumewe hacheki.

"Jeremia, huyu mayu, mama wa watu, ndiye aliyenizalisha mtoto wetu Joyness."

"Ndiyo maana mtoto anakohoa."

Wiki haikuisha, macho ya Milembe, mekundu kwa moshi wa kuni tangu ujana wake, yakawa ushahidi. Mmoja akakumbuka ndama aliyekufa. Mwingine akakumbuka kwamba mvua ilikatika siku aliyokutana na bibi huyo njiani. Watu wenye simu za kugusa mfukoni na rozari shingoni walianza kuzunguka kwa nyuma ya mashamba ili wasipite mbele ya mlango wake.

Jeremia akapeleka shitaka kwa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, akataka Milembe atengwe. Kutengwa si mchezo. Hakuna wa kukusalimia wala wa kuitika salamu yako, hakuna wa kukupa moto, chumvi wala maji, na ukiugua, utajijua. Mtu mwenye wana na ng'ombe anaweza kuvumilia. Kwa mjane anayeishi peke yake ilikuwa ni kumzika huku anapumua.

Baraza lilikaa kwenye uwanja wa ghala la pamba. Jeremia alifika akiikokota baiskeli kama anayepeleka ng'ombe wa mahari, akatoa maelezo marefu, akaonyesha tyubu zenye viraka juu ya viraka. Kashindye, mtemi wa sungusungu, alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Milembe.

"Mayu, unasemaje?"

Milembe alisimama.

"Mimi naogopa, baba. Nyote hapa nimewasalimia, na leo hakuna aliyeniitika. Naomba kitu kimoja tu. Kwangu ni upande huu. Baiskeli ijazwe upepo, aiendeshe upande ule wa bwawani, ambako sijakanyaga tangu niumwe miguu. Halafu arudi."

Ombi lilikubaliwa. Jeremia alijaza upepo, akapanda, akabadilisha gia tatu mfululizo kwenye uwanja usio na hata kichuguu, akapotelea bwawani. Watu wakasubiri. Aliporudi alikuwa anatembea kwa miguu, anasukuma, na tairi la nyuma linaburura ulimi.

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Mnaona?" Jeremia akapaza sauti. "Dawa yake ina mbio!"

Na aibu ya kijiji kile ni kwamba wapo waliotikisa vichwa kukubali.

Kashindye hakutikisa. "Fungua tairi," alisema.

Thomasi akainuka kusaidia.

"Usiguse!" Jeremia akamfokea.

"Basi fungua mwenyewe," alisema mtemi, "sote tukiona."

Jeremia akaingiza mkono mfukoni, akatoa vijiko viwili vilivyopinda. Mariana akaruka kutoka kwa wanawake wenzake.

"Vijiko vyangu! Jeremia! Nami nimemwita wifi yangu mwizi!"

Tairi likafunguka, tyubu ikatoka.

"Sasa pitisha kidole ndani ya tairi," alisema Kashindye. "Polepole."

"Kuna nini humo ndani?"

"Si ndicho tunachotafuta?"

Jeremia akapitisha kidole huku anamwangalia Milembe kwa jicho la ushindi. Kidole kilikuwa hakijafika nusu ya duara.

"Mayu wane wee!"

Damu ilichuruzika. Ndani ya mpira, imejificha kati ya meno yale ya fahari, ilikuwepo ncha ya mwiba wa mgunga, imevunjika, haionekani kwa nje. Ilikuwa ikisubiri kila tyubu iliyorudi na kiraka kipya na kuitoboa taratibu, upepo ukatosha kufika kwa Milembe na si zaidi. Hakuna aliyeuliza mwiba umetoka wapi. Zizi jipya la migunga mwaka ule lilikuwa moja tu, na matawi yake kila mtu aliyaona yakipita.

Sheria ya sungusungu ilijulikana: anayemzulia mwenzake hubeba alichokuwa amemtakia. Kashindye akatamka kwamba Jeremia Bundala ametengwa mpaka pamba iishe shambani. Watu wakacheka, wakapigana mabega, na kijana mmoja, Kristofa, aliyekuwa amerekodi kwa simu akaituma video hata kabla tairi halijarudishwa. Hata mjini Mwanhuzi walikuwa wameshaiona jioni ile. Pole kwa Milembe hakuna aliyeitoa. Walimpita wakicheka, kana kwamba siku zile zote aliyekuwa anawakwepa ni yeye.

Asubuhi iliyofuata Jeremia alitoka na baiskeli yake. Mwiba ulikuwa umeng'olewa na kiraka amebandika mwenyewe; tairi lilikuwa gumu, na kwa mara ya kwanza liliendelea kuwa gumu. Alitamani mtu amwone. Waliomwona waligeuza nyuso. Mtoto mmoja alitaka kumpungia mkono, mama yake akaushusha.

Alipofika kwa Milembe, alipunguza mwendo. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua choroko. Aliinua kichwa. Macho yale mekundu yakapita juu ya Jeremia kama vile hayupo, yakashuka mpaka kwenye fremu yenye nailoni.

"Mwangaluka, baiskeli!" alisema kwa sauti nzima. "Umelala? Na miiba nayo imelala?"

Jeremia alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Hakuwahi kujua kwamba salamu ya bibi yule ilikuwa kitu cha kutamani. Akasimama pale jua likimpiga kisogoni, kisha akanyoosha kidole chenye kitambaa cha damu na kubonyeza kengele mara moja, kwa adabu, kwa niaba ya baiskeli.